Kamera Iliyojaribiwa Mchana

Kwa miaka ishirini na sita mzee mmoja alikuwa akiendesha basi dogo jeupe la hospitali, lile linalowarudisha wauguzi nyumbani zamu ya jioni inapokwisha. Wauguzi walimpachika jina la Taratibu. Walisema hata akifukuzwa na nyuki, atawasha indiketa kwanza.

Binti yake alikuwa fundi umeme wa magari. Mwaka uliopita, shingo ya baba ilipoanza kukakamaa hata kugeuka nyuma kukawa shughuli, binti aliiomba hospitali ruhusa akafunga kamera ya nyuma: jicho dogo juu ya kibao cha namba, na kioo cha kuonyesha picha, cha ukubwa wa kiganja, kando ya usukani. Aliifunga saa sita mchana, jua likiwaka. Picha ikatoka safi, hata nyufa za sakafu ukazihesabu.

"Sasa shingo yako ipumzike, baba," alimwambia. "Wewe tazama hapa tu."

Na baba akatazama hapo tu, maana kazi ya binti yake hakuwa na shaka nayo hata chembe.

Jumatatu moja, giza limeshaingia, alikuwa akirudi nyuma uani mwa hospitali aliposikia kitu kikigonga, kisha kikikwaruza. Akashuka mbio. Chini ya bampa kulikuwa na kiti cha magurudumu, gurudumu moja limepinda. Kilikuwa kitupu. Dakika mbili tu zilizopita muuguzi alikuwa amemwinua mgonjwa kutoka kwenye kiti hicho na kumpakia kwenye gari la ndugu zake.

Hakuna aliyemlaumu. Mlinzi alisema ni chuma tu, kitanyooshwa. Lakini mzee aliketi kwenye ngazi ya basi, akamwomba dereva mwenzake awapeleke wauguzi. Funguo akamkabidhi msimamizi wa magari.

"Macho yangu yamekwisha," alisema. "Nisije nikaua mtoto wa watu."

Akarudi nyumbani kwa miguu.

Siku ya tatu mama alimpigia binti simu. "Njoo umwone baba yako. Anakaa sebuleni kama mgeni."

Binti alimkuta kwenye kiti cha karibu na mlango, redio imezimwa, mikono magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umekula?"

"Nimekula. Nimesikia habari za kile kiti."

Mzee akatazama sakafu. "Nilitazama kiooni, sikuona kitu. Kiti kizima, cha chuma kinachong'aa. Asiyeona kiti ataona nini?"

"Kwani kioo kilionyesha nini?"

"Weusi. Na chengachenga, kama mchele umemwagwa. Ni macho, mama. Uzee."

"Umeanza lini kuona hivyo?"

"Kila jioni. Tangu ulipoifunga."

"Mwaka mzima? Mbona hukuniambia?"

"Uliifunga kwa moyo," alisema. "Nikajua mimi ndiye sioni."

Binti alikuwa anakumbuka jua la siku ile, na kwamba hakuwahi hata mara moja kuitazama picha ile gizani.

Kesho yake alimwomba msimamizi basi kwa saa moja, akamchukua baba, wakalikuta uani jua limeshazama. Hakuwasha injini. Alivuta breki ya mkono, akafungulia umeme, akatia gia ya rivasi.

"Simama nyuma ya gari, baba. Hatua tatu hivi."

"Mimi?"

"Wewe. Haliendi popote."

Kioo kikawaka. Binti alikuwa na macho ambayo hutia uzi kwenye sindano mara moja, na kwa macho hayo aliona weusi na chengachenga zinazochezacheza. Dirisha la wodi lilikuwa bonge la weupe pembeni. Baba yake, aliyevaa shati jeupe, hakuwemo.

"Nimesimama," mzee alisema kutoka nje.

"Sogea karibu kidogo."

"Nimesogea."

"Inua mkono."

Kitu kama moshi kikapita kiooni, kikapotea. Kisha akasikia vidole vikigonga kioo cha nyuma ya basi, mara mbili, polepole.

"Niko hapa, mama."

Alikuwa karibu kiasi cha kuligusa gari. Binti alizima umeme, akashuka, akazunguka mpaka nyuma.

"Sikukuona, baba. Nimekutafuta na sikukuona. Macho yako hayana kosa. Ni kamera, na aliyeifunga ni mimi. Niliijaribu mchana nikaenda zangu." Machozi yakamshinda. "Na nikakwambia utazame hapo tu."

Mzee alitoa leso mfukoni, akaikung'uta, akampa.

"Kwa hiyo sipofuki?"

"Hupofuki."

"Maana siku hizi zote namkodolea macho mama yako, niukariri uso wake kabla haujapotea. Ameniuliza mara tatu ana nini puani."

Binti akacheka huku akilia. Mzee akamshika bega, wakasimama hivyo mpaka mlinzi akaja kuuliza kama gari limeharibika.

Limeharibika, kweli. Taa moja ya rivasi ilikuwa imeungua, ya pili imefifia. Jicho la kamera lilikuwa limekwaruzwa na mchanga ulionasa kwenye kitambaa cha kuoshea gari, na kamera yenyewe ilikuwa ya aina isiyoona pasipo jua. Binti alibadilisha vyote, akapunguza na mwanga wa kioo usimwumize dereva gizani. Safari hii alingoja giza ndipo ajaribu. Baba akasimama tena nyuma.

"Shati lako limekatika kifungo, baba. Cha pili kutoka juu."

"Usimwambie mama yako," mzee akajibu.

Hata hivyo alimpeleka kwa daktari wa macho. Daktari akamwandikia miwani ya kusomea, basi. Msimamizi akarudisha funguo, na wiki iliyofuata wauguzi walipanda basi lao wakiwa na dereva wao. Siku hizi, kabla ya kurudi nyuma usiku, hushuka akalizunguka gari lote kwa miguu. Wauguzi wananung'unika kidogo, halafu wanasinzia.

Binti naye alifungua daftari la kazi zake. Kamera kumi na saba nyingine alikuwa amezifunga mchana. Aliwapigia wenye magari mmoja mmoja. Wengine walisema hawaendeshi usiku. Mmoja alimwuliza anatafuta nini, kwani hajalalamika.

Mama mmoja anayesambaza maziwa alfajiri alimsikiliza mpaka mwisho.

"Fundi," alisema, "mimi nilidhani ni macho yangu. Hata mume wangu sijamwambia."

"Njoo na gari leo saa moja jioni, dada," binti akamwambia. "Nitakusubiri."