Pipa Chini ya Magunzi

Hakuna kilichomchoma Alinanuswe kama mlio wa mashine ya kusaga ya jirani yake Saulo. Tu-tu-tu tangu alfajiri, ng'ambo ya barabara pale Mbalizi, na yake mwenyewe imenyamaza.

Ulikuwa mwaka ule Mfereji wa Suezi ulipofungwa, dizeli ikawa adimu na bei ikaruka. Alinanuswe alibakiwa na pipa moja. Badala ya kusagia, alilificha chini ya magunzi nyuma ya jiko.

"Saulo akiishiwa nitasaga peke yangu," alimwambia mkewe, Sekela, "na bei nitapanga mimi. Biashara ni biashara."

Saulo hakuishiwa. Aliuza ng'ombe, akanunua dizeli kwa bei hiyohiyo ya kuruka, akaendelea kusaga. Wanawake wakahamia kwake na vikapu vyao. Hata Sekela alihamia, maana watoto hawali magunzi.

Ugali ulipotengwa, Alinanuswe alijua umesagwa wapi. Aliumeza hivyohivyo, roho ikimuuma kila tonge. Kwa nini Saulo, si yeye? Kesho yake akapanda lori hadi Bomani, Mbeya.

"Saulo ananyonya watu," alimshtakia Bwana Shauri, ofisa wa serikali wa wilaya. "Mambo haya msiwaachie wafanyabiashara. Serikali ichukue dizeli yote, igawe yenyewe."

Yeye huyohuyo wa biashara ni biashara! Na aliporudi, alijisifu nyumba nzima ikasikia.

Serikali nayo ikasikia. Bwana Shauri alifika Mbalizi na askari: dizeli yote ikusanywe, mashine moja tu itasaga, kwa bei ya serikali. Alinanuswe alimpokea amevaa koti lake la kanisani. Bwana Shauri akaigusa mashine yake. Ilikuwa baridi, imetandwa na utando wa buibui. Akavuka barabara, akaigusa ya Saulo, akauondoa mkono haraka.

"Itasaga hii. Kuna dizeli nyingine hapa?"

Alinanuswe akatikisa kichwa. Sekela alikuwa kwenye foleni, kikapu kichwani.

"Lipo pipa moja, Bwana. Kwetu, chini ya magunzi."

"Mama Tusajigwe!"

"Baba Tusajigwe, si ulisema wachukue yote?"

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Askari walimwamuru Alinanuswe alivingirishe pipa hadi kwa Saulo kwa mikono yake, koti la kanisani likiwa mwilini. Katikati ya barabara likamshinda. Saulo akatoka, akainama kando yake, wakalisukuma pamoja.

"Ndaga, ndugu yangu," Saulo alisema, akimshukuru kwa moyo mweupe kabisa. Alinanuswe angeona heri Saulo amcheke.