Sukari ya Mbarouk

Maboksi yaliporomoka pale pale alipokuwa amesimama Teresia punde tu kabla. Mbarouk alibaki juu ya foklifti, mikono ikimtetemeka, mdomo ukinuka pombe aliyoitafunia karafuu kutwa nzima aifiche.

"Mzee, leo ungenirudisha Nyahururu ndani ya sanduku," Teresia alimwambia, wala hakucheka. "Halafu uje matangani unywe chai?"

Hiyo ilikuwa Hayes, kwa Waingereza, ghalani, mwaka tisini na tisa. Sheria ya walemavu ilikwisha kupita, na walioiandika, watu walioshiba, waliamua hivi: ini lililooza kwa pombe lilindwe, kiu iliyoliozesha isilindwe. Yaani mtu angoje aoze kwanza! Lakini ghala hilo lilikuwa na utaratibu wake, nao haukuletwa na huruma, uliletwa na mgomo: anayekiri ulevi mwenyewe kabla ya kupimwa huhesabiwa mgonjwa, huteremshwa foklifti, hutibiwa, kazi yake humngoja. Anayeficha, akipimwa akakutwa na pombe, hufukuzwa.

"Kiri tu," Harjit wa yunioni, chama cha wafanyakazi, alimsihi, Teresia akitafsiri. "Marehemu baba yangu aliikausha baa nzima ya Southall. Mimi hutanishangaza."

Harjit hakuwa shida. Shida ilikuwa mkalimani. Kiingereza cha Mbarouk kilikuwa cha kushoto, kulia, punguza, na Teresia alikuwa shahidi; basi kampuni ikamwita Munir, Mpemba mwenzake, anayeswali naye safu moja, ambaye mwanawe alikuwa amemposa Ibtisam, binti wa Mbarouk.

Meneja aliuliza kilichotokea. Mbarouk alilitazama zulia. Aliyaona tena yale maboksi, na mahali pa Teresia patupu.

"Mwambie ulevi umenishinda," alisema polepole. "Nataka kutibiwa."

Munir hata hakugeuka. "Yakhe, Mungu kakusitiri, nawe wajivua nguo mbele ya watu?"

"Mwambie."

Munir akakohoa, akasema kwa Kiingereza kilichonyooka: "Anasema ana ugonjwa wa sukari. Humpanda ghafla."

Neno hilo Mbarouk alilijua. Nusu ya wazee wa msikitini walikuwa na maradhi hayo. Harjit, aliyeketi kando yake kumtetea, alimgonga goti chini ya meza akane. Kukataa kwa Kiingereza alikujua pia. Lakini Munir alikuwa akimtazama kwa huruma ya mtu anayemfunika maiti shuka, na Mbarouk akaiona siku ya harusi, Ibtisam kapambwa, upande wa bwana harusi hakuna mtu.

Sitara gani hii, ya kumfunika mtu mpaka akose pumzi?

"Ndiyo," Mbarouk alimwambia meneja. "Sukari."

Meneja akamwita nesi aje na kipimo cha pombe, kile cha kupuliza.

Nje, Harjit aliwasha sigara, akaiacha iungue yenyewe. "Mlevi ningempigania mpaka mwisho. Sasa nimpiganie nani? Mwenye sukari?"

Harusi ilijaza ukumbi mzima kule Barking. Watu walimpongeza Mbarouk, wakampa pole kwa maradhi na kwa kazi iliyopotea. Munir mwenyewe akamletea kikombe, akasema kwa sauti, kila mtu asikie:

"Yako hii, yakhe. Haina sukari."

Mbarouk alikipokea kwa mikono miwili. Hata hivyo chai ilimmwagikia kanzuni, na Munir, haraka, akamfunika kwa kitambaa.