Mdundo wa Wendell Pinkney

Jumanne moja baada ya chakula cha mchana, Lemuel Gaskins alikifunika kinanda chake kwa shuka la kitanda, akafuta mafuta ya samaki vidoleni, akaenda kukaa upande wa pili wa kioo, mahali pa prodyuza. Ujana wake wote alikuwa amepiga jazz kwenye baa za Newark. Sasa baa hizo zilikuwa zimefungwa, au zimebaki za kuuza bia tu. Royal Tisdale, mwenye studio, alimwambia kwamba watu siku hizi wanataka vijana wa kufokafoka, na mwenye njaa hana miiko.

Nyuma ya dramu alikaa Wendell Pinkney, aliyekuwa akimpigia Lemuel tangu wote wawili wana nywele. Wendell hakuwahi kuupiga wimbo namna moja mara mbili. Mkewe, Odessa, alisema hata mayai hakukaanga vilevile.

"Leo nataka kipande kimoja kidogo tu cha mdundo, kaka," Lemuel alisema kwenye maikrofoni. "Kirudie. Usiongeze kitu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka vijana wamalize yao."

"Hawa? Si watatufikisha Krismasi!"

Wakacheka, hata vijana wenyewe. Wendell akaanza.

Vijana walikuwa watatu, kutoka Bronx. Walifoka kuhusu viatu vyao, wasichana na mama zao, na walifoka vizuri. Anayebisha ana kijicho. Walipomaliza, Lemuel alifanya kama Tisdale alivyomfundisha: aliishusha sauti polepole kwa kidole mpaka ikatoweka, akazima mashine. Vijana wakavaa makoti. Wendell akaendelea kupiga.

Walipoziondoa dramu, alipiga kiti. Walipokiondoa kiti, alipiga mapaja yake. Fundi wa sauti akampeleka nyumbani kwa gari, na Odessa akaitazama mikono ya mumewe, akauliza kama amekula.

Tangu hapo Wendell alipiga meza, ukuta na mto wa kulalia. Kanisani, mchungaji alihubiri kwa kuufuata mdundo huo na watu wakaokoka. Wasichana wa mtaani walihamishia kamba zao za kuruka chini ya dirisha lake, kwa kuwa hakukosea. Daktari alisema moyo ni mzima, apakwe mafuta ya mgando vidoleni. Santuri nayo ikavuma kwenye kila redio. Basi Tisdale akaona hakuna haja ya kuhangaika: kila Jumatatu gari lilimfuata Wendell, akawekewa maikrofoni, na vijana wapya wakafoka juu yake. Lemuel akawa mtu mkubwa. Wapita njia walimpisha, naye, tuseme ukweli, alipenda.

Jumapili moja baada ya ibada, Odessa alimwita Lemuel aje kula.

"Shemeji," alisema, akimpakulia kuku na mkate wa mahindi, "mimi si mwanamuziki, lakini nimekaa kwenye zile baa kuliko wenye baa. Wimbo wenu ulikuwa unaishaje?"

Lemuel alijua. Mpiga kinanda mikono yake ina kazi na miguu yake ina kazi, kwa hiyo wimbo huumaliza kwa kichwa: hukiinua, humtazama mpiga dramu, hukishusha, na wote hutua pamoja. Bila ishara hiyo Wendell hakusimama kamwe, hata polisi walipoingia.

"Kwa kichwa," alisema.

"Na siku ile?"

"Siku ile nilishusha sauti tu."

"Kwa hiyo hukumwambia mwenzio kwamba imekwisha."

"Sikumwambia."

"Mwambie sasa, Lem. Hajanishika mkono tangu theluji ya kwanza ya mwaka jana."

Wendell alikuwa mbele yao, akipiga ukingo wa meza. Macho alikuwa ameyainua kwa Lemuel, kama alivyoyainua maisha yake yote, akingoja. Yalikuwa yamechoka mno, na kuyatazama kuliuma. Lemuel akainua kichwa.

Akaikumbuka Jumatatu. Akawakumbuka vijana wa Harlem ambao Tisdale alikwisha kuwaahidi mdundo, na kinanda chini ya shuka, ambacho mwaka mzima hakuna aliyemwomba akifunue. Machozi yakamtoka, maana alimpenda Wendell kuliko ndugu zake wa tumbo moja. Kichwa kikabaki juu.

"Kesho kuna vijana wanakuja, shemeji," alisema. "Tuwamalize hao kwanza."

Odessa hakubishana. Alimwambia ale, chakula kinapoa. Kisha akavuta kiti karibu na mumewe, akamfunga kitambaa shingoni, akaanza kumlisha kijiko kwa kijiko, akivizia nafasi kati ya pigo na pigo. Wendell alitafuna bila kuyaondoa macho kwa Lemuel, asije akaikosa ishara.