Mshiriki Namba Kumi na Nne

Asubuhi aliyofariki Fulgensi, Verediana alikuwa ameshamwagia chungu maji. Ndiyo kazi aliyoanza nayo kila siku, kabla hata ya kuwasha moto. Nyumbani kwao Lipangalala hapakuwa na friji, na nesi mmoja alikuwa amewafundisha: chungu kikubwa, ndani yake mchanga, katikati ya mchanga chungu kidogo, na ndani ya hicho kidogo chupa za insulini. Mchanga unaloweshwa asubuhi na jioni. Juu kinawekwa kitambaa kibichi, na hakifunuliwi ovyo, joto lisiingie. Kwa miaka sita waligawana hivyo: kumwagia kazi ya Verediana, kufunua kazi ya Fulgensi.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa tatu. Alipoingia chumbani kumwamsha, pumzi yake ilinuka kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima na baiskeli begani. Wiki nzima alikuwa akinywa maji mpaka ndoo inakauka, akisema ni joto. Walimpakia kwenye bodaboda, Verediana nyuma akimshikilia kiuno.

"Sindano ya mwisho amechoma lini?" nesi wa hospitali aliuliza.

"Jana asubuhi."

"Una uhakika, mama?"

"Nina uhakika. Chungu namwagia mimi."

Saa nne kasoro alikuwa amekufa. Alikuwa fundi baiskeli, umri miaka arobaini na moja, mwimba bezi kwenye kwaya ya kigango.

Jioni, nyumba ikiwa imejaa watu, Verediana alifunua chungu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Chupa tatu. Mbili hazijatobolewa. Ya tatu ilikuwa nusu, na sindano mpya zimejipanga kwenye mfuko wake, kofia za plastiki hazijatolewa. Kwenye mfuko wa shati alilolivua Fulgensi usiku alikuta kadi ya kijani: *Mpango wa Siku Kumi wa Kusafisha Sumu. Acha dawa zote za kemikali.* Chini yake kulikuwa na visanduku kumi, na kila kimoja kimewekwa vema kwa peni ileile aliyotumia kuandika majina ya wateja kwenye tairi zao. Tarehe ya kuanza ilikuwa siku kumi na mbili nyuma.

Kwa siku kumi na mbili Verediana alikuwa anapoza dawa isiyotumiwa na mtu.

Alimkasirikia hata akiwa ndani ya sanduku. Watu walidhani analia.

Mazishi yakapita, matanga yakaanuliwa, akarudi kupepeta mchele kwenye mashine ya kukoboa. Asubuhi aliendelea kumwagia chungu. "Cha nini sasa, mama?" aliuliza binti yake Yosefina, aliyekuwa kidato cha pili. "Mkono umezoea," alijibu.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, bajaji yenye spika mbili juu ya paa ikapita barabara ya mashineni. Kwanza muziki, halafu sauti ya mwanamke ikisema kituo cha tiba asilia kimefanya utafiti wa kisasa, mpendwa msikilizaji, usikubali kuwa mtumwa wa sindano. Halafu:

"Mimi naitwa Fulgensi, fundi baiskeli, Lipangalala. Nimechoma sindano miaka sita. Leo ni siku ya sita natumia dozi ya asili. Sindano nimezifungia kabatini. Mwili mwepesi. Nimepona."

Nyumba yao haikuwa na kabati. Na kabla ya neno la mwisho alimeza mate. Verediana aliyajua yale mate. Mdomo ulikuwa mkavu.

"Ungo wako unamwaga, Mama Yosefina," Paulina alimwambia taratibu. Paulina alikuwa mwenzake wa kupepeta, walikaa jamvi moja. Aliinama akaanza kuokota mchele punje kwa punje.

Bajaji ilipita tena Jumapili watu wakitoka misa. Jumatatu asubuhi Yosefina alikuwa amevaa sare lakini hajafunga viatu.

"Mama, leo ikipita tena shuleni nitafanyaje? Jumamosi tulikuwa masomo ya ziada, baba amepita mara mbili. Darasa zima waligeuka kunitazama. Mwalimu naye."

Siku hiyo Verediana hakwenda mashineni. Alitia kwenye mfuko cheti cha kifo, cheti cha ndoa na kadi ya vema kumi, akavuka mji kwa miguu.

Kituo kilikuwa chumba cha duka kilichopakwa rangi ya kijani, nyuma ya stendi. Ukutani palikuwa na karatasi za utafiti zilizotolewa kopi, za lugha mchanganyiko, zimegandishwa ndani ya plastiki: majani ya mlonge, mbegu za uwatu, matunda ya karela. Huenda aliyeziandika alisema kweli. Hakuna aliyekuwa anazisoma. Kando yake, kubwa kuliko karatasi zote, ilikuwa picha ya Fulgensi ameshika kijiti cha chuma cha mashine inayodaiwa kupima mwili mzima. Anacheka.

"Shikamoo mama," alisema dada wa mapokezi. Kibeji chake kilisema Omega. "Kupima, au kuendelea na dozi?"

"Marahaba. Nimemfuata huyo." Alinyoosha kidole ukutani.

Omega alitazama picha, akamtazama yeye, akanyanyuka bila kuvaa kandambili vizuri. Akarudi na mwenye kituo, Gosbert, mtu wa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Kila mtu aliitwa mpendwa na kila mtu alimwita dokta.

"Pole sana, mpendwa. Fulgensi alikuwa rafiki wa kituo hiki. Tuliposikia tuliumia."

"Hamkuja kuzika."

"Majukumu, mpendwa."

"Naomba mtoe sauti yake. Na hiyo picha."

Gosbert alivuta kaunta buku kutoka chini ya meza, akalamba vidole akifunua kurasa. Juu ya ukurasa iliandikwa *Utafiti wa Kisukari, Awamu ya Pili*. "Alisaini ridhaa. Hii hapa. Mshiriki namba kumi na nne. Sauti, picha, matokeo, vyote ni mali ya utafiti."

Verediana alisoma mstari wa mumewe mpaka mwisho, kwenye safu ya matokeo. Palikuwa na neno moja: *Amepona*.

"Amekufa," alisema.

"Mpendwa, utafiti una utaratibu. Wa kwetu ni wa siku kumi. Siku ya kumi alikuja hapa kwa miguu yake, mashine ikasoma kongosho asilimia tisini na sita. Alifariki siku ya ngapi?"

"Ya kumi na mbili."

"Umeona." Alisema kwa upole, kama mwalimu aliyepata jibu alilolitaka. "Ya kumi na mbili haimo kwenye utafiti."

"Alikuwa anamaliza ndoo ya maji kwa siku. Anakojoa usiku kucha."

"Hiyo ni sumu inatoka."

"Kweli kabisa," mtu mmoja alidakia kutoka kwenye benchi. "Mimi mwenyewe inanitoka hivyohivyo. Jana nimeamka mara tisa." Alikuwa mwanamume mrefu, mikono imekwaruzwa na nyavu, chupa kubwa ya maji katikati ya miguu. Aliwachekea wenzake wa benchini. "Mke wangu anasema nimegeuka mto Kilombero."

Watu walicheka. Verediana hakucheka. Aliitazama midomo ya yule mtu, nyeupe pembeni.

"Uko siku ya ngapi, baba?"

"Ya nne. Salvatory naitwa, wa Malinyi. Keshokutwa narekodi, Ijumaa narudi kwangu. Perege hawajivui wenyewe."

"Sindano zako ziko wapi?"

"Nimempa dokta azitupe. Nimeokoka na kujichoma."

"Toka hapa uende hospitali sasa hivi. Twende, nakusindikiza."

"Mama, kila mtu na mwili wake," alisema Salvatory. Hakuwa na hasira. Alikunywa maji. "Pole na msiba, lakini usinitie mkosi."

"Omega, mtoe mama nje kidogo apate hewa," alisema Gosbert. "Msiba bado mbichi."

Omega alimshika kiwiko mpaka mlangoni. Mkono wake ulikuwa na baridi. "Mama, nisamehe," alisema. "Mimi ni wa mapokezi tu." Halafu akarudi ndani, na mlango wa wavu ukajifunga wenyewe kwa springi.

Kwenye ofisi ya afya alikaa kwenye foleni mpaka saa sita. Kijana wa kompyuta alimwambia anayehusika na tiba asili yuko Morogoro.

"Anarudi lini?"

"Semina ni ya wiki mbili."

"Semina ya nini?"

Kijana alitazama karatasi. "Kuimarisha utafiti wa tiba asili."

Bwana mmoja wa meza ya nyuma alimhurumia, akachukua cheti. Alikisoma mbele na nyuma. "Hapa pameandikwa kisukari, mama. Hapajaandikwa kituo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kwa maandishi, kisukari ndicho kilichomuua. Halafu hawa hawajasajiliwa kama kliniki. Wamesajiliwa duka la virutubisho. Hilo ni la biashara, siyo letu. Ukisema daktari amekosea, mimi nitauliza, daktari yupi? Pale hakuna daktari."

"Anavaa koti."

"Koti linauzwa, mama."

"Kuna mtu pale leo yuko siku ya nne. Ameacha sindano."

"Amelazimishwa?"

"Hapana."

Yule bwana alifungua mikono, akamrudishia cheti.

Ofisi ya biashara ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo hilohilo. Mama mmoja alikuwa anakula pepeta, mchele mchanga uliotwangwa, na nazi kwenye bakuli la plastiki. Akamkaribisha, Verediana akashukuru, akasema ameshiba ingawa tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni. Mama akafungua faili. Duka lilikuwa na leseni. Bajaji ilikuwa na kibali cha kutangaza, muhuri wake unasomeka vizuri.

"Aina ya tangazo: afya," alisoma mama yule. "Ingekuwa ni sabuni au bia, ningelisimamisha mimi hapa hapa. Likiwa la afya, yaliyomo wanaangalia afya. Umepita afya?"

"Natoka huko."

"Wamesemaje?"

"Wamesema biashara."

Mama yule alicheka kidogo, akafuta mdomo. "Ndivyo walivyo." Akafunga faili. "Andika barua, mdogo wangu. Weka namba ya simu."

Aliiandika palepale, kwa mwandiko wake wa kidato cha nne, mistari saba. Waliigonga muhuri wa kupokelewa na kuiweka juu ya barua nyingine.

Saa kumi aliikuta bajaji imepumzika kivulini sokoni, spika zimezimwa. Dereva, Abdulnasir, alikuwa baba wa watoto wawili na baiskeli zao zote zilikuwa zimepita mikononi mwa Fulgensi. Alipomwona alishuka.

"Shemeji, shikamoo. Najua kilichokuleta."

"Marahaba. Kama unajua, mbona unampitisha?"

"Flashi naletewa imeshapangwa. Mimi sikai nayo, nabonyeza tu." Alikuna shingo. "Siku ya kwanza niliposikia sauti yake niliegesha. Wallahi niliegesha. Halafu dokta akapiga simu kuuliza mbona kimya."

"Mtoto wake anasoma pale shuleni."

"Pale nitakuwa nazima. Nikikaribia geti nazima, nikipita nawasha. Hilo naliweza, shemeji. Lingine sina uwezo nalo."

Hilo ndilo alilorudi nalo nyumbani: ukimya wa geti moja. Yosefina alisikiliza, akatikisa kichwa, akaenda kuteka maji. Verediana alimwagia chungu.

Siku zilizofuata bajaji haikusikika mashineni. Jumatano kimya, Alhamisi kimya. Ijumaa Paulina alisema, "Labda barua imesomwa." Verediana alianza kuamini. Usiku ule alilala bila kuota.

Jumamosi saa tano, wakiwa jamvini, muziki ukaja kutoka upande wa stendi. Wanawake wote waliacha kupepeta. Sauti ya yule dada ikasema habari za utafiti wa kisasa na mtumwa wa sindano. Verediana alishika ungo kwa mikono miwili.

"Mimi naitwa Salvatory, mvuvi, natoka Malinyi. Nimechoma sindano miaka tisa. Leo ni siku ya sita natumia dozi ya asili. Sindano nimezifungia kabatini. Mwili mwepesi." Akameza mate. "Nimepona."

"Wamemtoa," alisema Paulina. "Mama Yosefina, wamekusikia. Wamemtoa shemeji."

Verediana alikuwa anahesabu kwa vidole juu ya ungo. Jumatatu ilikuwa ya nne. Jumanne, Jumatano. Alifika leo, vidole vikasimama. Ya tisa.

Aliweka ungo chini, akajikung'uta pumba, akaondoka bila kumuaga msimamizi. Nyumbani alifunua chungu. Mchanga ulikuwa baridi kama wa mtoni. Chupa ile ya nusu aliiacha. Zile mbili zisizotobolewa alizishika moja moja kwenye mwanga akasoma tarehe ya kuisha: mwezi wa kumi na moja. Alizizungushia kitambaa kibichi, akazitia kwenye kikopo pamoja na sindano za Fulgensi, akamwachia Yosefina ujumbe kwa jirani.

Alipiga namba aliyoinakili kwenye kibao cha kituo. Alipokea Omega. Verediana hakusalimu.

"Salvatory anakaa wapi Malinyi?"

Nyuma yake ilisikika sauti ya Gosbert ikimwita mtu mpendwa. Halafu Omega akasema kwa haraka, chinichini, kama anayesoma: "Mwaloni, nyuma ya wanaokausha samaki. Mkewe anaitwa Siwema. Ameshapiga mara mbili kuuliza mbona mumewe halali."

Simu ikakatwa.

Gari la mwisho la Malinyi huondoka saa nane.