Jina la Buluu

Mchora ramani aliletewa amri: toleo jipya lionyeshe bwawa, na majina ya vijiji vilivyomezwa na maji yafutwe. Kimojawapo kilikuwa cha bibi yake.

"Mjukuu wangu," bibi alimwambia asubuhi ile, "wakikifuta, wanao watasema nilizaliwa wapi? Tumboni mwa samaki?"

Mchora ramani alimsihi mkuu wa ofisi, lakini wapi.

"Binti, kanuni ni kanuni. Wino mweusi ni wa nchi kavu. Majini tunaandika kwa buluu tu."

Alirudi mezani, akaiinamia karatasi. Bwawa lilitulia kama usingizi. Chini yake aliona milango ikifunguka, moshi wa jikoni ukipanda taratibu kama viputo, na bibi, msichana tena, akifagia ua. Akachovya kalamu katika wino wa buluu, akakipa kilindi cha pale jina lile lile la kijiji.

Mkuu aliitazama ramani kwa muda mrefu.

"Mtundu wewe," alisema, akagonga muhuri.

Jioni bibi alipitisha kidole juu ya jina, polepole, kama anayepapasa mlango wa kwao.

"Haya," alisema. "Atakayetaka kunitembelea, ajifunze kuogelea."