Mkeka wa Kumi na Mbili

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndivyo fundi cherehani alivyozoea kumwambia mdogo wake, na kuinama aliinama kweli. Miaka kumi na tisa tangu mama yao afariki, aliinamia mapazia ya watu na sare za shule, mpaka huyo mdogo, Mziwanda, akasoma akamaliza, akawa mwalimu wa mazoezi mwenye cheti ukutani. Cha mvunguni kilipatikana. Mgongo wa fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Dada, ndio haukurudi ulikotoka.

Daktari hakuzunguka: "Mama, anza mazoezi ya mgongo sasa hivi. La sivyo, kabla ya mwaka kwisha utaiaga cherehani." Na fundi asiyeshona anakula nini? Hewa?

Basi Mziwanda akaja na habari njema. Anafungua darasa la Pilatesi, yale mazoezi ya polepole ya kulala chini, unakaza tumbo na kunyoosha uti wa mgongo.

"Ndiyo dawa yako hiyo, Dada. Twende ukanisaidie kuchagua vifaa. Wewe mkono wako unajua kitu kizuri."

Jamani, alivyofurahi! Akavaa gauni lake la kutokea, wakaenda.

Dukani Mziwanda alikimbilia mikeka ya waridi, myembamba, inayong'aa. Dada akaushika mmoja kwa kidole gumba na cha shahada, vile anavyoshika kitambaa, akauminya, akauachia. Ukabaki na shimo.

"Huu urembo tu. Wiki mbili umekuwa karatasi, mtu akiviringika mifupa inapiga sakafu."

"Mchagua jembe si mkulima, Dada," Mziwanda akacheka.

"Mkulima ndiye anayejua jembe bovu linavyokula mgongo."

Akachagua wa kijivu, mnene kiasi, mgumu kidogo, ukiuminya unarudi. Ile mikanda ya mpira ya kuvuta kwa miguu aliivuta mmoja mmoja, akakagua kingo zisiwe na nyufa, akaikataa mizito kwa sababu wanaoanza watajiumiza. Mpira mdogo wa kuegemeza kiuno akautaka usiojazwa mpaka ukakakamaa. Muuza duka akamuuliza kama yeye ndiye mwalimu.

"Mimi ndiye mgonjwa," akajibu, wakacheka wote watatu.

Halafu, mbele za watu, bila haya, akalala juu ya ule mkeka na mpira chini ya kiuno. Machozi yakamtiririka mpaka masikioni, maana kwa mara ya kwanza baada ya miaka asiyoikumbuka, hapakumuuma mahali.

"Chukua hii hii," akasema. Mziwanda akachukua kumi na miwili.

Zikabaki kamba za kitambaa za kufungia mikeka, kila moja na jina la mwenyewe. Hiyo nayo kazi ya nani kama si ya Dada? Siku nne aliinama akidarizi, mgongo unamwaka moto, akijiambia vumilia, ndiyo mara ya mwisho. Orodha ya wateja ilikuwa na majina kumi na moja. Hakuuliza. Mtu anauliza kama yeye ni ndugu? Kwenye kamba ya kumi na mbili akadarizi DADA, kwa uzi wa bluu mzuri kuliko zote.

Mziwanda alipokuja kuchukua, akazipekua moja moja, akafika kwenye ile.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

Mziwanda akaigeuzageuza ile kamba. "Dada, usikasirike. Wale wateja wangu ni watu wa namna yao. Wakikuona ulivyopinda watasema haya mazoezi yamemfanya nini huyu mama. Wewe nitakuja kukufundisha hapa hapa nyumbani, siku nikipata nafasi. Huo mkeka ni wa wanaokuja kujaribu. Fumua hilo jina, andika MGENI."

Asante ya punda ni mateke, lakini punda naye, haki ya Mungu, hakuombi umshikie mguu akupige vizuri.

Dada alivaa miwani, akachukua wembe wake, akainama. Akafumua herufi moja moja, taratibu, bila kuchana kitambaa, kwa kuwa kazi ni kazi. Mziwanda alisubiri, anatazama saa. Uzi wa mwisho ulipotoka Dada hakutunga mwingine. Aliikunja kamba ikiwa tupu, akamkabidhi.

"Mbona hujaandika Mgeni?"

"Tafuta mwenye mgongo akuandikie."

Mziwanda akasonya, akakusanya kamba zake zote kumi na mbili. Dada akajaribu kuinuka amfungulie mlango, mazoea tu yale ya miaka yote. Mgongo ukakataa. Akabaki ameishikilia cherehani kwa mikono miwili, na mdogo wake akajifungulia mwenyewe akatoka.