Mkasi Juu ya Kitanda

Bibi Kuei alikaza midomo kama mtu anayepita penye uvundo. Daktari alishika kurunzi yake ndogo, akasubiri. Nyuma ya kiti, Li-chuan, mke wa mwanawe, alikuwa akizungusha pete kidoleni, akitamani kumpanua mama mkwe kinywa kwa mikono yake mwenyewe.

"Mgonjwa ni mtoto," Bibi alisema. "Mimi nimekuja kubeba mkoba."

"Bibi, nataka kujua kama ugonjwa huu wa kaakaa uko kwenye ukoo. Kama upo, hata macho ya mtoto yamo hatarini, na inabidi tuyachunge kuanzia sasa."

"Kwetu haupo. Muulize huyu alichofanya."

Li-chuan aliacha kuizungusha pete. Hapo mjini Tainan kila mtu anajua: mwenye mimba hashiki mkasi juu ya kitanda, asije akamkata mtoto tumboni. Yeye alishika. Alikata uzi uliochomoza kwenye foronya, Bibi akiwa mlangoni, na siku hiyohiyo mkasi ukafungiwa kabatini kwa Bibi. Jou-an akazaliwa na kaakaa lililo wazi. Lilishonwa, lakini maneno yake bado yalitokea puani, nusu yakipotea njiani. Wenzake shuleni walimwigiza mpaka akaacha kusema, akawa wa kuonyesha vitu kwa kidole. Li-chuan alikuwa amesoma, alijua mkasi haumkati mtoto tumboni, na bado alijilaumu. Kisha alikasirika kwa kujilaumu. Hakuwa na raha hata usingizini.

Daktari alimgeukia mtoto. "Haya mrembo, panua."

Jou-an alitikisa kichwa. Akamnyooshea bibi yake kidole: yeye kwanza.

"We kitoto, unaniuza mchana kweupe!" Bibi akacheka, kiganja mdomoni. "Nikipanua na wewe unapanua. Usinifanye mjinga."

Akapanua. Daktari aliinama, akamulika ndani.

"Jicho lako la kushoto lilipofuka lini?"

"Nikiwa msichana. Lilizimika tu. Kwani linaonekana kutokea kooni?"

"Kimio chako, kile kinyama kinachoning'inia kooni, kimegawanyika ncha mbili. Ni alama ndogo, wengi hawaijui. Ukiongeza jicho hilo, na magoti yako niliyoona yakikusumbua ulipoingia, na miwani mizito ya mwanao, nadhani ugonjwa wa mtoto umeanzia kwako. Tutapima damu tuhakikishe."

Miaka yote Li-chuan alikuwa ameyaandaa maneno ya siku hii. Aliyanoa akiosha vyombo, akikunja nguo. Njiani kurudi nyumbani yalimwasha ulimini, akangoja Bibi aanze tu.

Bibi hakuanza. Walipofika alifungua kabati lake, kisha akaja kuketi kwenye kitanda cha Li-chuan, mkasi mapajani.

"Mama yangu aliambiwa alipigilia msumari ukutani akiwa na mimba yangu," alisema. "Ndio ulionitoboa jicho, walisema. Mpaka anakufa alikuwa ananiomba radhi."

Li-chuan alisimama mlangoni.

"Nami nilimsamehe, Li-chuan. Nilimsamehe kosa ambalo hakulifanya!"

Jou-an alimpita mama yake mbio, akapanda kitandani, akamshika bibi yake kidevu.

"Bibi, panua tena," alisema kwa sauti yake ya puani. "Nione."

Mzee akapanua, machozi yakimtoka. Li-chuan aliutoa mkasi mapajani mwake, mtoto asije akajichoma, akauweka palepale kitandani.